Gari la 1969 na nambari zake

Nimekuwa kimya kwa majuma matatu, na safari hii siwezi kusingizia kazi. Sababu ni gari. Si langu, msije mkaanza kuniomba lifti. Mimi bado napanda matatu.

Mtoto wa mjomba wangu anaendesha malori kule Texas. Amenizidi miaka tisa, kwa hivyo namwita Kaka. Usiku mmoja alinitumia picha arobaini na moja za gari jekundu lenye mistari myeusi, zikifuatwa na ujumbe mmoja tu: "Wewe ndiye mtu wa kompyuta. Niambie hizi nambari zinasema nini kabla sijatoa pesa."

Gari lenyewe ni Chevrolet Chevelle SS 396 ya mwaka 1969, au ndivyo tangazo lilivyodai. Mwenye kuliuza ni mama mmoja mjane anayeishi karibu na Tulsa, Oklahoma. Tangazo lilisema pia kwamba nambari zote zinalingana, na maneno hayo peke yake huongeza bei maradufu. Kaka ameweka akiba miaka sita. Nusu ya akiba hiyo mjomba anaamini ni ya kuezeka nyumba Kitale. Mnaona basi kwa nini sikulala.

Haya ni yale magari ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli: gari la umbo la kawaida la milango miwili, limetiwa injini kubwa kupita kiasi, likauzwa kwa bei ambayo kijana mwenye kazi ya kiwandani aliweza kuimudu. Zama zake zilikuwa fupi, kati ya 1964 na mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Nina programu ndogo niliyoiandika zamani ya kusoma nambari ya utambulisho ya gari, ile VIN. Nikaingiza nambari ya Kaka, programu ikaikataa papo hapo. Iliona herufi na tarakimu 13, nayo ilitaka 17. Nikajilaumu, nikatafuta hitilafu kwenye msimbo, sikuiona. Programu haikukosea. Aliyekosea ni mimi niliyesahau historia.

Mfumo wa VIN yenye nafasi 17 ulianza kulazimishwa Marekani kwa magari ya mwaka wa 1981. Ni kazi nzuri ya kihandisi. Herufi I, O na Q haziruhusiwi kwa sababu zinafanana na 1 na 0. Nafasi ya tisa ni tarakimu ya ukaguzi: kila herufi hugeuzwa kuwa namba, kila nafasi huzidishwa kwa uzito wake, yote hujumlishwa, jumla hugawanywa kwa 11, na baki ndiyo inayokaa pale. Baki ikiwa 10 huandikwa X. Ukikosea herufi moja, hesabu kwa kawaida hukataa. Waandishi wa programu wanajua mchezo mmoja hapa: ukiandika 1 mara kumi na saba, jumla inakuwa 89, baki ni 1, na nambari hiyo inapita ukaguzi bila tatizo, ingawa hakuna gari kama hilo. Tarakimu ya ukaguzi inakuambia kwamba nambari imeandikwa sawasawa. Haikuambii kwamba ni kweli.

(Kwa nini Wakenya wengi hatujawahi kuiona VIN ya nafasi 17? Kwa sababu magari mengi tunayoyaendesha yaliuzwa kwanza ndani ya Japani, na huko hutumia nambari ya chesisi yenye kistari katikati. Fungua logbook yako uone.)

Kabla ya 1981 kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Na hapo ndipo nilipoanza kuelewa hatari aliyokuwa nayo Kaka. Nambari ya Chevelle yake inaanza hivi: 136379B. Tarakimu 1 ni Chevrolet. 36 ni Malibu yenye injini ya silinda nane. 37 ni umbo la milango miwili. 9 ni mwaka 1969. B ni kiwanda cha Baltimore. Zinazofuata ni nambari ya foleni ya gari pale kiwandani. Basi. Hakuna SS. Hakuna 396. Nambari hiyo ingeweza kuwa ya gari la mwalimu wa shule ya Jumapili lenye injini ndogo kabisa ya silinda nane, na ingeweza kuwa ya dubwana la kushindania mbio. Mfumo hautofautishi.

Hili liliwezekanaje? Inabidi turudi nyuma hadi 1963. Mwaka huo wakubwa wa General Motors walipiga marufuku vitengo vyao kujihusisha na mbio za magari. Kulikuwa pia na kanuni ya ndani: gari la ukubwa wa kati lisiwekewe injini inayozidi inchi za ujazo 330, yaani kama lita 5.4. Kitengo cha Pontiac kilikuwa kimejijengea jina kwa mbio, na sasa kimefungwa mikono. Wahandisi watatu, John DeLorean, Bill Collins na Russ Gee, wakatia injini ya inchi 389 kwenye gari dogo la Tempest, wakaona kwamba inaingia vizuri sana.

Tatizo lilikuwa ruhusa. Gari jipya lilihitaji kuidhinishwa na wakubwa, na wakubwa wangekataa. Kwa hivyo Pontiac hawakutangaza gari jipya. Walitangaza nyongeza. Ununue Tempest LeMans ya 1964, uongeze takriban dola 295, upate kifurushi kiitwacho GTO, na ndani yake injini ya 389. Kanuni ilihusu magari, haikutaja vifurushi. Sisi waandishi wa programu tunaujua ujanja huu: mkubwa akikataza programu mpya, unaiita kiongezi. Walitarajia kuuza magari 5,000. Mwaka huo wa kwanza waliuza 32,450, na baada ya hapo hakuna mkubwa aliyekumbuka tena kanuni.

Lakini ujanja ule uliacha alama kwenye data. Kwa kuwa GTO ilikuwa nyongeza, VIN yake ya 1964 na 1965 ni VIN ya LeMans tu. Ya 1965 inaanza na 237 kama LeMans nyingine yoyote. Ni kuanzia 1966, GTO ilipokuwa gari kamili, ndipo ikapata 242 yake. Chevrolet walienda kinyumenyume. SS 396 ya 1966 hadi 1968 ina namba yake, 138. Mwaka 1969 SS ikageuzwa kuwa nyongeza yenye msimbo Z25, na ile 138 ikatoweka. Kaka, kati ya miaka yote, alikuwa amepata mwaka ambao nambari inanyamaza.

Si kampuni zote zilikuwa bubu hivyo. Chrysler na Ford waliweka herufi ya injini katika nafasi ya tano. Plymouth yenye nambari inayoanza BS23R0B inajieleza yenyewe: Barracuda, daraja maalum, milango miwili, R yaani injini ya 426 Hemi, mwaka 1970, kiwanda cha Hamtramck. Mustang ya 9F02R ni ya 1969, kutoka Dearborn, na hiyo R kwa Ford ni injini ya 428 Cobra Jet yenye kuvuta hewa kupitia boneti. Mtu akikuuzia Hemi ya 1970 na nafasi ya tano si R, unaweza kufunga daftari ukaenda zako nyumbani.

Sasa tazama hiyo tarakimu moja ya mwaka. Sisi tulihangaika na mwaka 2000 kwa sababu kompyuta zilihifadhi mwaka kwa tarakimu mbili. Detroit walihifadhi kwa moja! Tisa ni 1969, ni 1959, ni 1979. Waliotumia nambari hizo walikuwa watu wa kiwandani na wauzaji wa mwaka uleule, na kwao 9 ilitosha. Kipima maili vilevile: kina tarakimu tano, kikifika 99,999 kinarudi sifuri. Gari la Kaka linaonyesha maili 48,000 na kitu. Ni 48,000 au 148,000? Chombo chenyewe hakijui. Na ni mwaka 1972 tu ambapo sheria ya taifa ya Marekani ilifanya kurudisha nyuma kipima maili kuwa kosa. Kabla ya hapo, kwenye majimbo mengi, mwenye bisibisi alikuwa mfalme.

Ndipo nikaona jambo ambalo nilipaswa kuliona tangu mwanzo. Hakuna hata nambari moja kwenye gari hilo iliyoandikwa kwa ajili ya Kaka. Ziliandikwa ili mfanyakazi wa Baltimore ajue kiti kipi kifungwe kwenye gari lipi asubuhi ile, na polisi akilipata limeibwa ajue ni la nani. Hakuna aliyefikiri kwamba zaidi ya miaka hamsini baadaye mwanaume wa Kitale atazihoji kwa tochi.

Magari yenyewe yalitendewa vilevile, kama vitu visivyo na kesho. Wenyewe walishindana barabarani Jumamosi usiku, wakapasua injini, wakaweka nyingine Jumatatu kutoka kwenye gari lililogongwa. Kisha mambo yakaja kwa pamoja: kampuni za bima zikapandisha ada kwa vijana, sheria ya hewa safi ya 1970 ikabana moshi, na 1973 mafuta yakaadimika. Gari la lita sita na nusu likawa mzigo. Miaka ya mwisho ya 1970 yalikuwa yakiuzwa kwa bei ya kutupa, na Malibu ya kawaida ikivalishwa boneti na nembo za SS hakuna aliyeita udanganyifu. Ilikuwa mapambo tu, kama matatu yenye nembo ya gari la kifahari.

Mambo yalibadilika vijana wale walipozeeka wakapata pesa. Bei zikapanda, zikapaa hasa katikati ya miaka ya 2000, zikaanguka na mdororo wa 2008, zikapanda tena. Mwaka 2014 Plymouth Hemi Cuda ya 1971, isiyo na paa, ilipigwa mnada huko Seattle kwa dola milioni 3.5. Kwa Chevelle pesa si hizo, lakini tofauti kati ya SS halisi na Malibu iliyovalishwa inatosha kumfanya mtu achukue nyundo na herufi za chuma. Wapenzi wa Chevelle wana utani wao: za injini kubwa kabisa ya 1970, ile LS6, zilitengenezwa 4,475, na zaidi ya hizo zote bado zipo.

Dawa ingekuwa karatasi za kiwandani. Hapa bahati ya mnunuzi inategemea kabisa nani alitupa nini. Ankara za Pontiac zilihifadhiwa kwa maikrofilamu, na Pontiac Historic Services ya Jim Mattison huuza nakala. Ukiwa na GTO ya 1965, karatasi hiyo ndiyo itakayosema kile ambacho VIN imekataa kusema. Ford waliacha data yao ya kompyuta kuanzia magari ya 1967, na Kevin Marti alipata leseni ya kuitumia, ndiyo maana mwenye Mustang anaweza kupata ripoti ya gari lake moja. (Hebu fikiria: data ya 1967, bado inasomeka! Mimi nina diski za 2004 ambazo zimeshakufa.) Kwa Chevrolet zilizouzwa Marekani, hazina ya namna hiyo haipo. General Motors ya Kanada ilitunza kumbukumbu za magari yaliyouzwa Kanada, lakini Oklahoma si Kanada.

Kilichobaki ni gari lenyewe. Kwa hivyo Kaka alipoegesha lori lake Tulsa, tukalikagua pamoja kwa simu, mimi Nairobi saa saba usiku, yeye chini ya gari.

Tulianza na kutu, kwa sababu kutu haidanganyi na ndiyo inayokula pesa nyingi kuliko injini. Chevelle huoza pale maji yanapokaa: chini ya kioo cha nyuma, kwenye sakafu ya buti, chini ya miguu ya abiria, na kwenye ncha za chini za ubavu wa nyuma. Zile zilizofunikwa paa kwa vinili ni mbaya zaidi, maji hujificha chini yake. Kaka alikuwa na sumaku ndogo aliyoifunga kwa kitambaa ili isikwaruze rangi. Akaipitisha ubavuni taratibu. Mahali pawili nyuma ya gurudumu la kulia haikushika. Hapo hakuna chuma, kuna ule uji mzito unaopakwa, ukakauka, ukasuguliwa na kupakwa rangi. Mafundi wetu wa Gikomba wanaujua. Si mwisho wa dunia, tukaandika.

Kisha bamba la VIN, lililo juu ya dashibodi upande wa kushoto, linasomeka kupitia kioo cha mbele. General Motors walilihamishia hapo kwa magari ya 1968, na kuanzia Januari 1969 sheria ya nchi ikalazimisha lionekane hivyo. Likiwa la asili limeshikwa na ribiti zenye umbo la ua la petali sita. Ribiti za duara za kawaida kwenye Chevelle ya 1969 maana yake ni kwamba mtu amelitoa. Na kuchezea bamba hilo ni kosa la jinai la taifa tangu 1984. Za mama huyu zilikuwa maua. Vizuri.

Difu: ilikuwa ya bolti kumi na mbili, kama inavyotakiwa kwa SS 396. Malibu ya injini ndogo ilikuwa na kumi. Breki za mbele: diski, kama ilivyo kwenye kifurushi cha Z25. Kaka akaanza kucheka kwenye simu. Nami nilicheka.

Ikaja injini. Mbele ya kichwa cha silinda cha upande wa kulia kuna sehemu ndogo bapa iliyogongwa nambari. Hapo tulisoma T0305 na herufi za aina ya injini. T ni kiwanda cha Tonawanda, New York, zilikotoka injini hizi kubwa. 0305 ni tarehe 5 Machi. Pembeni yake kipande cha VIN: 19B na nambari ya foleni, sawasawa na ile ya dashibodi. Bamba la bodi lililo karibu na kioo, chini ya boneti, lina 03C, juma la tatu la Machi. Injini imeundwa tarehe 5, gari likafuata juma la tatu. Kila kitu kinapangana. Kaka akasema anaenda kutoa pesa.

Nikamwomba kitu kimoja zaidi. Bloku ya injini, ilipokuwa ikisubiwa, iliwekewa tarehe ndani ya chuma chenyewe, kwa herufi zilizoinuka, si za kugongwa. Ni tarehe ngumu kufuta kwa sababu ni sehemu ya bloku. Iko ubavuni chini, mahali pa kuingiza mkono kwa taabu na kufuta grisi kwa petroli. Alilalamika. Mama mwenye gari alimletea kitambaa.

Picha ilifika: F 14 9.

Herufi ni mwezi, A ikiwa Januari. F ni Juni. Tarehe 14 Juni 1969. Kwa maneno mengine, injini iliyounganishwa mwezi Machi imetengenezwa kwa chuma kilichosubiwa mwezi Juni. Ni kama faili iliyohaririwa miezi mitatu kabla ya kuundwa. Nikamwambia arudi kwenye ile sehemu bapa, aiangalie kwa tochi ya kulazwa pembeni. Mashine ya kiwandani iliacha hapo mistari myembamba iliyo sambamba. Hapakuwa na mstari wowote. Palikuwa laini kama kioo. Mtu alikuwa amepasaga, akagonga upya nambari alizozitaka, akasahau kuinama.

Hapa ndipo historia ilipogeuka kuwa watu wawili wamesimama kwenye gereji. Marehemu mume wa yule mama alilinunua gari hilo 1988, na miaka yote aliamini nambari zinalingana. Alilipia imani hiyo. Mama hakumdanganya mtu, alirudia alichoambiwa. Kaka alinyamaza kwenye simu muda mrefu. Akaniuliza, "Nimwambie?" Nikamwambia mimi siwezi kuamua, niko mbali na wewe ndiye uliyekunywa chai yake. Akamwambia. Akamwonyesha herufi kwa tochi, mama akainama na miwani yake akazisoma mwenyewe. Akasema mume wake angekasirika sana, kisha akasema ni vizuri hakujua.

Walikubaliana bei pungufu kwa karibu theluthi moja, na kwenye hati ya mauzo wakaandika Chevelle Malibu 1969 yenye injini isiyo ya asili. Difu na breki zinadokeza kwamba huenda ilizaliwa SS kweli, lakini vyote viwili hufungwa kwa spana, kwa hivyo sikumruhusu Kaka alipie dokezo.

Kilibaki kitu kimoja. Viwandani walikuwa wakibandika karatasi ya maagizo ya gari mahali pa ajabu, kati ya springi za viti au juu ya tangi la petroli, nayo husahaulika hapo kwa miongo. Karatasi hiyo ingemaliza ubishi wa Z25. Juzi Kaka ameshusha tangi. Karatasi haipo. Kuna doa la gundi la kahawia tu, na ndani ya doa herufi chache za wino zilizoshika kwenye chuma, kinyumenyume. Amenitumia picha. Nimezigeuza kwenye kompyuta na kuongeza weusi, na hadi sasa nimesoma B moja na kitu ambacho kinaweza kuwa 2 au Z. Nimemwambia asipapanguse.